Mlango wa Nyuma Haufunguki

Tangu mwezi wa Februari mlango wa nyuma wa kushoto wa gari letu ulikuwa haufunguki, si kwa ndani wala kwa nje. Kila nilipomkumbusha baba watoto alijibu, "Si kuna mlango wa pili, mama?" Na kweli tukazoea. Watoto waliingia kwa mlango wa kulia, wakasogezana kitini kama abiria wa daladala, maisha yakaendelea. Najua wengi wenu mna mlango kama huo, kama si wa gari basi wa jikoni.

Jumapili moja ya Aprili tulikuwa tukitoka msibani upande wa Masoko, mvua ikinyesha na njia yote ni utelezi. Baba mkwe alikaa mbele karibu na mwanawe, mimi nyuma na watoto wawili. Wasomaji wa Rungwe na Kyela hamhitaji maelezo, lakini wengine nawaambia kwamba kwa mila ya Wanyakyusa mke hamkaribii baba wa mumewe wala hamtazami usoni, na akikutana naye njiani humpisha. Siku hizi desturi hiyo imelegea, ndiyo maana tuliweza kupanda gari moja. Hata hivyo, katika miaka 11 ya ndoa sikuwahi kumpa mzee mkono.

Gari likateleza, ubavu wa kulia ukaegemea ukingo wa udongo na milango yote miwili ya upande huo ikabanwa. Baba watoto akakanyaga mafuta ili ajinasue, mara moshi na harufu ya kitu kinachoungua vikaingia ndani. Baadaye tuliambiwa ilikuwa klachi tu. Wakati ule nilichojua ni kwamba gari linawaka moto, nami na wanangu tuko nyuma ya mlango uliokufa. Niliuvuta mpaka ukucha ukakatika.

Njia ya kutokea ilikuwa moja tu, mlango wa mbele alipokaa mzee. Akashuka. Nikampitishia mtoto mdogo juu ya kiti, kisha mkubwa. Ilipofika zamu yangu, na khanga zangu za msibani, nikakwama katikati ya viti. Mzee akanyoosha mkono akasema, "Njoo, mwanangu." Nikaushika.

Jambo hilo hatukulizungumza tena. Lakini wiki hiyo hiyo gari lilikwenda kwa fundi, na safari hii nilifuatana nalo, nikasimama pale mpaka mwisho.

Fundi aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Ukivuta kishikio unasikia uzito, au kinalegea tu?" Kikilegea bila uzito, kile kifimbo chembamba cha chuma kinachounganisha kishikio na kitasa kimechomoka au klipu yake imevunjika. Kikiwa kizito na hakirudi, kitasa chenyewe kimekauka au kimeshikwa na kutu. Wetu ulikuwa na yote mawili, kwa kuwa tulikuwa tukiuvuta kwa hasira mpaka klipu ikakatika.

Kutu hiyo ina asili yake. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Dodoma kwa kawaida haifikishi hata 700. Maji yanayotiririka kwenye kioo huingia ndani ya mlango, nayo hutokea kwenye matundu madogo yaliyo ukingoni chini. Matope na majani yakiziba matundu hayo, maji hukaa humo. Fundi alipochokonoa ya kwetu kwa kijiti yalitoka maji meusi ya kujaza kikombe. Kazi hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya, na sijui kwa nini hakuna aliyewahi kutuambia.

Kabla hujampeleka gari kwa fundi, mama, yapo ya kujaribu nyumbani. Mlango wa nyuma ukifunguka kwa nje na kukataa kwa ndani, huenda si mbovu kabisa. Milango ya nyuma ya magari mengi ina loki ya watoto, kijitufe kilicho kwenye ubavu wa mlango karibu na kitasa. Huonekana mlango ukiwa wazi tu, na vidole vya watoto hukifikia upesi. Ukikataa pande zote mbili, mtu mmoja avute kishikio huku mwingine akiusukuma mlango kwa ndani, au wewe mwenyewe uubonyeze kwa nyonga kuelekea ndani huku ukivuta. Mara nyingi kitasa kimebanwa, na msukumo huo humpa nafasi ya kuachia. Kama loki ni za umeme, mmoja abonyeze swichi mara kwa mara huku mwingine akiinua kitufe cha loki kwa vidole. Usitumie nyundo. Na mafuta ya kupikia usiyatie kabisa, maana hushika vumbi yakawa kama gundi.

Yakishindikana hayo, ni kazi ya fundi. Wetu alitoa kiti cha nyuma ili apate nafasi, akafungua skrubu zilizojificha kwenye kishikio cha ndani, akabandua ubao wa mlango polepole, maana mlango uliofungwa hauruhusu haraka. Akaingiza bisibisi ndefu, akasukuma kiungo cha kitasa, mlango ukalia "ka!" ukafunguka. Akapuliza mafuta ya kulegeza kutu, akapaka grisi nyepesi, akaweka klipu mpya ambayo bei yake haikufikia mkungu wa ndizi. Miezi miwili tuliteseka kwa ajili ya hicho! Angalieni pia arudishie ile nailoni iliyo nyuma ya ubao, kwa sababu ndiyo huzuia maji yasiingie ndani ya gari.

Jambo moja la mwisho nililipenda. Kabla ya kuufunga mlango alikifunga kitasa kwa bisibisi mlango ukiwa wazi, kisha akavuta kishikio cha ndani na cha nje kuona kama kinaachia. Mwambieni fundi wenu afanye hivyo mbele ya macho yenu, la sivyo mnaweza kuufunga na kurudi mlikotoka.

Jumapili iliyofuata mzee alipanda tena gari letu. Kabla ya kukaa alizunguka upande wa nyuma, akaufungua ule mlango, akaufunga, akaufungua tena, kisha akaenda kukaa mbele.