Maradhi ya Mashine Iliyopumzika

Katika nchi iliyo mashariki na kaskazini ya Mlima Kenya, kuanzia Embu na Runyenjes hadi Nkubu, Meru na Timau, mvua huja mara mbili kwa mwaka, ile ndefu baina ya Machi na Mei na ile fupi baina ya Oktoba na Desemba, na kila inapokuja nyasi huinuka kwa kasi isiyowezwa na slasha ya mkono. Ndipo watunza viwanja vya shule, wazee wa kanisa na wafugaji wenye ng'ombe wa maziwa zizini huzitoa stoo mashine zao za petroli za kufyekea nyasi, wakavuta kamba mara ya kwanza, ya pili na ya kumi, na mashine isijibu neno.

Aghalabu mwenyewe hukata shauri papo hapo kwamba mashine imekufa, na kwa kuwa imezeeka haoni ajabu. Rai yangu ni kwamba hukumu hiyo hutolewa kwa pupa, kwani mashine hizi haziharibiwi sana na kazi kama zinavyoharibiwa na mapumziko. Petroli iliyosahauliwa tangini tangu Juni hadi Oktoba hupotewa na ile sehemu yake nyepesi inayoshika moto upesi, na kinachosalia hugeuka polepole kuwa utomvu wa rangi ya kahawia, ambao hutuama katika vijitundu vya kabureta na kuviziba.

Mashine yenyewe si ya kale. Mwaka 1971, mjini Houston, Marekani, George Ballas alizitazama brashi za nailoni zikizunguka na kuosha gari lake, akapata wazo. Akatoboa mkebe wa bisi, akapenyeza humo nyuzi za kuvulia samaki, akauzungusha kwa mashine, na nyasi zikakatika. Uzi huo wa nailoni ndio unaofaa majani ya uani na kando ya makaburi. Kwa napia ngumu watu hufunga kisu cha chuma. Injini inayovizungusha aghalabu ni ya mipigo miwili, ambayo haina hazina ya oili iliyo mbali, bali hupata ulainisho wake wote katika ile oili iliyochanganywa na petroli.

Fundi mwenye maarifa haanzi kwa kufungua kila skrubu. Huuliza kwanza petroli ilitiwa lini na ilichanganywaje, kisha huvuta kamba mara kadhaa, akaitoa plagi na kuitazama ncha yake: ikiwa kavu, petroli haifiki, ikiwa imelowa, petroli imefika, na kilichopungua huenda ni cheche. Baada ya hapo huifunga plagi kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma cha silinda, mbali na tundu lake na mbali na kila tone la petroli, maana mvuke huweza kulipuka kwa cheche hiyo hiyo, akavuta kamba kivulini apate kuiona ile buluu ikimeta. Cheche ikiwapo, hudondosha matone machache ya mchanganyiko mpya ndani ya tundu la plagi, akairudisha na kuvuta tena. Injini ikinguruma kwa nukta mbili kisha ikazima, hiyo ni ithibati ya kutosha kwamba silinda na umeme ni vizima, na kwamba taksiri imo katika njia ya petroli.

Njia hiyo ni fupi, walakini ina mahali pengi pa kuzibika. Chujio lililo ndani ya tangi hujaa uchafu. Mipira myembamba ya petroli hukauka na kupasuka, ikanyonya hewa badala ya petroli. Kile kipira cha kubonyeza kwa kidole hutoboka. Lakini penye siri kubwa ni kabureta. Fundi hufungua skrubu nne za upande mmoja, akakibandua kifuniko, na chini yake hukuta utando mwembamba uliokusudiwa kupumua kwa kila mpigo wa injini: ulio mzima hunyumbulika bila sauti, na uliozeeka hulia ukiguswa kama karatasi kavu, wala hauna nguvu tena ya kukisukuma kile kijimkono kinachoifungulia petroli sindano yake. Upande wa pili mna kichujio kisichofika upana wa ukucha wa kidole kidogo, na mara nyingi utomvu wote umejikusanya hapo. Husafishwa kwa petroli safi na kupulizwa. Kukichokoa kijitundu kwa waya ni kukipanua, na kabureta iliyopanuliwa tundu hairudi katika mizani yake. Utando ule huuzwa pamoja na gasketi zake, kwa sehemu ndogo ya bei ya kabureta nzima, na ni hasara kuitupa kabureta njema kwa sababu ya kipande cha mpira.

Kuna jambo jingine ambalo nchi hii yenyewe hulileta. Embu mjini ni takriban mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na Timau hupita mita 2,000. Mashine iliyorekebishwa Siakago, bondeni kwa Wambeere, ikipelekwa Timau hukuta hewa hafifu, petroli ikazidi kipimo, na injini ikatoa moshi na kulemaa hali haina ugonjwa wowote. Hapo dawa ni kuipunguzia petroli kwa skrubu za kabureta, kidogo kidogo. Moshi huohuo ukidumu huacha masizi kwenye wavu wa ekzosi, na mashine ikawaka vizuri lakini isiwe na nguvu; wavu huvuliwa, ukachomwa jikoni mpaka masizi yateketee, kazi ya dakika chache.

Watu hunung'unika kumlipa fundi aliyetumia bisibisi moja na nusu saa, wakidhani alichouza ni nusu saa. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya mwaka 1972, iliwatetea mbele ya ulimwengu mafundi wa namna hii, wasio na leseni wala paa, kuwa ni wazalishaji wa haki. Nami naona anayejua kipi asikifungue anastahili ujira kamili.

Ama mchanganyiko, usikisiwe kwa jicho. Mashine inayodai sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili hutaka mililita 20 kwa lita. Inayodai 25 kwa 1 hutaka 40. Na oili iwe ile ya injini za mipigo miwili, si ya gari. Anayesahau oili hata siku moja huweza kukuta, ekzosi ikivuliwa, michirizo ya wima ubavuni mwa pistoni, na hapo fundi mwaminifu humwambia mwenyewe kwamba pistoni na silinda mpya huenda zikapita thamani ya mashine, akamwonyesha michirizo kwa macho yake, na kumshauri auze koili, klachi na mhimili wake kama spea.