Ifahamu Njia ya Kutatua Migogoro ya Kimataifa ya Uwekezaji katika Sekta ya Madini

Na Mwandishi Wetu

Kila inapotangazwa kwamba Serikali imefikia makubaliano na kampuni ya kigeni kuhusu mgogoro wa madini, swali moja hurudi midomoni mwa wananchi: madini ni yetu, ardhi ni yetu na sheria ni zetu, iweje tushtakiwe nje ya nchi, na zaidi ya hapo tulipe? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa fedha zinazolipwa ni za umma. Makala haya yanaeleza chimbuko la migogoro hiyo, namna inavyosikilizwa, sababu ya Serikali kuchagua kukubaliana na mambo ambayo kila mtumishi wa umma na mwananchi anapaswa kuyafahamu.

Chimbuko la mgogoro: leseni hodhi

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 iliweka aina ya leseni iliyojulikana kama leseni hodhi. Kampuni iliyofanya utafiti na kugundua mashapo yenye thamani, lakini isiweze kuanza uchimbaji mara moja kwa sababu za muda, kama vile bei mbaya ya soko au vikwazo vya kitaalamu, iliruhusiwa kuomba leseni hiyo ili eneo lisichukuliwe na mwingine wakati ikisubiri hali itengemae.

Nia ya utaratibu huo ilikuwa njema, lakini matokeo yake yalilalamikiwa. Eneo lenye madini lilibaki limefungwa huku halichimbwi, halizalishi ajira, halilipi mrabaha, na mwingine haruhusiwi kuligusa. Kwa sababu hiyo, mabadiliko ya Sheria ya Madini yaliyopitishwa na Bunge mwezi Julai 2017 yalifuta leseni hodhi. Mwezi Januari 2018 kanuni mpya za haki za madini zikatamka kuwa leseni zote za aina hiyo zilizokuwapo zimefutwa na maeneo yake yamerejea serikalini. Mwezi Desemba 2019 Tume ya Madini ikatangaza zabuni ya kuyaendeleza maeneo hayo.

Miongoni mwa walioguswa zilikuwamo kampuni 3 ambazo baadaye zilifungua mashauri ya kimataifa. Winshear Gold ya Canada ilikuwa na mradi wa dhahabu kusini-magharibi mwa nchi. Indiana Resources ya Australia ilikuwa mbia mkuu katika mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, wilayani Nachingwea mkoani Lindi, kupitia kampuni zilizosajiliwa Uingereza. Montero Mining, nayo ya Canada, ilikuwa na mradi wa madini adimu wa Wigu Hill mkoani Morogoro. Mashauri mawili ya kwanza yalifunguliwa mwaka 2020 na la tatu mwaka 2021.

Kwa nini shauri lisisikilizwe nchini?

Jibu limo katika mikataba ambayo Tanzania iliingia kwa hiari yake, miaka mingi kabla ya migogoro hii.

Mkataba wa kwanza ni ule ulioanzisha Kituo cha Kimataifa cha Utatuzi wa Migogoro ya Uwekezaji, kinachojulikana kwa kifupi cha ICSID, chenye makao yake Washington, Marekani, na kilicho chini ya Kundi la Benki ya Dunia. Mkataba huo ulisainiwa mwaka 1965 na kuanza kutumika mwaka 1966. Tanzania ilijiunga nao mwaka 1992, wakati nchi ilipokuwa ikifungua milango kwa mitaji binafsi.

Aina ya pili ni mikataba ya kukuza na kulinda uwekezaji baina ya nchi mbili. Tanzania ilisaini mkataba wa namna hiyo na Uingereza mwaka 1994 na wa Canada mwaka 2013. Katika mikataba hii kila nchi huahidi kuwatendea haki wawekezaji wa nchi nyingine, na hukubali mapema kwamba mwekezaji akidai ahadi hiyo imevunjwa, anaweza kupeleka madai yake mbele ya wasuluhishi wa kimataifa.

Ni muhimu kuelewa kile ambacho mikataba hii inasema na kile isichosema. Haisemi kwamba nchi haina mamlaka juu ya madini yake, wala haiizuii kubadili sheria zake. Inasema kwamba Serikali inaweza hata kutwaa mali ya mwekezaji, ili mradi masharti manne yatimizwe: utwaaji uwe kwa manufaa ya umma, ufuate sheria, usibague, na uambatane na fidia stahiki inayolipwa bila kuchelewa.

Kanuni hiyo si ngeni. Azimio namba 1803 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la mwaka 1962, ambalo ndilo nguzo ya haki ya kudumu ya mataifa juu ya rasilimali zao, linatamka haki ya nchi kutaifisha na papo hapo linataja wajibu wa kulipa fidia inayostahili. Mamlaka na fidia vimekwenda pamoja tangu mwanzo.

Kwa hiyo, swali lililokuwa mbele ya wasuluhishi halikuwa iwapo madini ni ya Watanzania. Hilo halina ubishi. Swali lilikuwa: haki ambayo Serikali yenyewe ilimpa mwekezaji kwa maandishi ilipoondolewa, je, alilipwa?

Shauri husikilizwaje?

Watu wengi hudhani ICSID ni mahakama yenye majaji wa kudumu. Sivyo. Kituo hicho hutoa utaratibu na uendeshaji. Wanaoamua ni jopo la wasuluhishi linaloundwa kwa ajili ya shauri moja tu. Kwa kawaida wasuluhishi huwa 3: mwekezaji humteua mmoja, Serikali humteua mmoja, na wa tatu, ambaye ndiye mwenyekiti, hupatikana kwa makubaliano au kwa utaratibu uliowekwa.

Kabla ya kufika hapo, mwekezaji hutakiwa kutoa notisi na kuipa Serikali nafasi ya mazungumzo kwa muda uliotajwa katika mkataba. Yakishindikana, madai husajiliwa, jopo huundwa, kila upande huwasilisha hoja kwa maandishi, mashahidi na wataalamu wa kuthamini migodi huhojiwa, kisha jopo hutoa uamuzi unaoitwa tuzo. Safari hiyo huchukua miaka, na katika kipindi chote hicho mawakili, wataalamu na wasuluhishi hulipwa.

Tuzo ya ICSID haina rufaa. Upande usioridhika unaweza kuomba itenguliwe, lakini kwa sababu chache tu zilizotajwa katika mkataba: jopo halikuundwa ipasavyo, lilivuka mamlaka yake waziwazi, mmoja wa wasuluhishi alihusika na rushwa, kanuni ya msingi ya utaratibu ilikiukwa vibaya, au uamuzi haukutolewa sababu. Hoja kwamba wasuluhishi walikosea tu kutafsiri sheria haitoshi kutengua tuzo.

Aidha, kila nchi mwanachama inawajibika kuyatambua malipo yaliyoamriwa kana kwamba ni hukumu ya mwisho ya mahakama zake yenyewe. Maana yake ni kwamba mshindi asiyelipwa anaweza kutafuta mali za kibiashara za Serikali katika nchi nyingine nyingi ili zikamatwe.

Kwa nini kukubaliana badala ya kuendelea na shauri?

Tarehe 14 Julai 2023 jopo lililosikiliza shauri la Ntaka Hill lilitoa tuzo dhidi ya Tanzania. Lilikuta kwamba mradi ulitwaliwa kinyume cha mkataba na Uingereza, na kuamuru malipo ya takriban Dola za Marekani milioni 109.5, riba na gharama zikiwamo. Serikali iliomba tuzo hiyo itenguliwe, kama sheria inavyoiruhusu. Wakati ombi likisubiri, riba iliendelea kukua.

Mwezi Julai 2024 pande hizo mbili zilikubaliana kumaliza mgogoro kwa Dola milioni 90, zikilipwa kwa awamu tatu: milioni 35, milioni 25 na milioni 30. Kabla ya hapo, mwezi Oktoba 2023, shauri la Winshear lilikuwa limemalizwa kwa Dola milioni 30, pasipo kusubiri tuzo. Mwezi Novemba 2024 la Montero likafuata kwa Dola milioni 27. Kwa ujumla, mashauri hayo matatu yamemalizwa kwa Dola milioni 147.

Fedha hizo ni nyingi, na si vyema kuzipunguza uzito kwa maneno. Hata hivyo, mwananchi anayezipima anapaswa kuzilinganisha na kile kilichokuwa kikisubiri mbele: tuzo isiyo na rufaa, riba inayoongezeka, gharama za mawakili, na hatari ya mali za nchi kufuatiliwa ughaibuni. Makubaliano hutoa pia kitu ambacho tuzo haitoi, yaani ratiba ya malipo ambayo hazina ya nchi inaweza kuihimili, na hitimisho la mgogoro.

Njia nyingine: mezani kabla ya tuzo

Mwaka huohuo wa 2017 ulikuwa na mgogoro mkubwa zaidi. Mwezi Machi Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia kwenda nje, na kamati mbili za wataalamu zikachunguza biashara hiyo. Mwezi Julai kampuni za kundi la Acacia zilizomiliki migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi zilianza taratibu za usuluhishi wa kimataifa dhidi ya Serikali. Hatua iliyofuata, hata hivyo, ilikuwa tofauti. Mazungumzo yaliendelea na kampuni mama, Barrick Gold ya Canada, sambamba na shauri. Mwaka 2019 usuluhishi ulisimamishwa, Barrick ikanunua hisa zote za Acacia zilizosalia, na tarehe 24 Januari 2020 makubaliano yakasainiwa.

Matokeo yake ni kuundwa kwa Kampuni ya Twiga Minerals, ambamo Serikali inamiliki asilimia 16 ya hisa na Barrick asilimia 84, kanuni ya kugawana manufaa ya kiuchumi ya migodi nusu kwa nusu, na malipo ya Dola milioni 300 kwa Serikali ili kumaliza madai yaliyokuwapo.

Migogoro hii haifanani kwa kila kitu, na si haki kuilinganisha kwa tarakimu peke yake. Migodi ya Barrick ilikuwa tayari inazalisha, hivyo kila upande ulikuwa na cha kupoteza na cha kupata. Pamoja na hayo, somo linaonekana. Mageuzi yote yalitokana na nia ileile ya kuhakikisha Taifa linanufaika na rasilimali zake. Palipokuwa na mazungumzo mapema, nia hiyo ilizaa hisa. Pale ambapo haki zilifutwa bila fidia, ilizaa deni.

Je, tukijitoa katika mikataba?

Baadhi ya wananchi hupendekeza nchi ijitoe. Hatua za mwelekeo huo zimewahi kuchukuliwa. Sheria ya Mamlaka ya Nchi Kuhusiana na Umiliki wa Maliasili ya mwaka 2017 inaelekeza migogoro ya rasilimali itatuliwe na vyombo vya ndani, na mkataba wa uwekezaji na Uholanzi ulikoma tarehe 1 Aprili 2019.

Hata hivyo, mkataba huo wa Uholanzi unaendelea kuulinda uwekezaji uliofanyika kabla ya tarehe hiyo kwa miaka 15. Vilevile, ni kanuni ya sheria ya kimataifa kwamba nchi haiwezi kutumia sheria yake ya ndani kama kinga ya kutotimiza mkataba ilioukubali. Kujitoa hupunguza hatari ya kesho. Hakufuti wajibu wa jana.

Kinachosaidia zaidi ni maandalizi. Mwaka 2018 ilianzishwa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, yenye jukumu la kuiwakilisha Serikali katika mashauri ya madai na usuluhishi, ya ndani na ya kimataifa. Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 imeweka mfumo wa kisasa na kuanzisha Kituo cha Usuluhishi Tanzania, ili wawekezaji na Serikali wapate mahali pa kuaminika pa kumalizia tofauti zao hapa nchini.

Wajibu wa kila mmoja

Katika sheria ya kimataifa Serikali ni moja. Barua ya ofisi ya wilaya, tamko la kiongozi jukwaani, leseni iliyocheleweshwa bila maelezo au kanuni iliyotungwa kwa haraka, vyote vinaweza kuwekwa mbele ya wasuluhishi kama matendo ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Mtumishi wa umma anayeshughulikia mwekezaji anapaswa kutunza kumbukumbu, kutoa sababu za uamuzi kwa maandishi, kumsikiliza anayeguswa kabla ya kumwondolea haki, na kuomba ushauri wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali mapema.

Kwa upande wake, mwananchi ana haki ya kuuliza. Mabadiliko ya sheria ya madini yanapopendekezwa, ni vyema kuuliza manufaa yake, na pia kuuliza ni nani atakayeguswa, ana haki gani kwa mujibu wa mikataba, na fidia imepangwaje. Majibu ya maswali hayo yakipatikana bungeni na katika mikutano ya wadau, kabla sheria haijasainiwa, gharama yake ni ndogo. Yakisubiri kutolewa na jopo la wasuluhishi, hulipwa kwa dola, pamoja na riba.