Kondo la Nyuma na Chanzo cha Kifafa cha Mimba

Kifafa cha mimba, yaani mishtuko ya viungo na kupoteza fahamu kunakompata mjamzito au mzazi aliyejifungua karibuni, kwa kawaida hutanguliwa na ugonjwa wa shinikizo la damu uitwao priklampsia, ambao huanza baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, mara nyingi bila maumivu yoyote ya kumshtua mama. Asili yake imo katika kondo la nyuma, kiungo kinachojishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba ili kumpitishia mtoto oksijeni na chakula kutoka katika damu ya mama. Mimba ikikua vyema, chembe za kondo hupenya ukutani na kuitanua mishipa midogo ili damu ipite kwa wingi na kwa utulivu. Utanuzi huo usipokamilika, kondo hukosa damu ya kutosha, nalo humwaga katika damu ya mama protini zinazoudhuru utando wa ndani wa mishipa yake mwilini kote. Ndiyo maana ugonjwa ulioanzia mahali pamoja hufika kwenye figo, ini na ubongo, huku mtoto akidumaa tumboni.

Kwa kuwa mama anaweza kujisikia mzima kabisa shinikizo lake likiwa limefikia 140/90, kiwango kinachohesabiwa kuwa cha juu, hakuna kinachoweza kushika nafasi ya kipimo. Kliniki inayomjazia mama kadi bila kumpima shinikizo na mkojo haijamhudumia. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mahudhurio 8, la kwanza kabla wiki 12 hazijapita na matano katika miezi mitatu ya mwisho, kipindi ambacho ugonjwa huu hujitokeza zaidi. Mama aliye katika hatari kubwa, kwa mfano aliyewahi kuugua katika mimba iliyotangulia, huandikiwa na daktari aspirini ya kiwango kidogo mapema. Maumivu makali ya kichwa, maluweluwe machoni na maumivu chini ya mbavu za kulia ni dalili za kumfikisha hospitali siku hiyohiyo.

Huko hospitali dawa kuu ni magnesiamu salfeti, dawa ya bei nafuu ambayo utafiti wa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulithibitisha kuwa hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Ikizidi mwilini hudhoofisha upumuaji, hivyo muuguzi huhesabu pumzi, hugonga goti kuona kama mguu unaruka, na hupima mkojo. Tiba ya ugonjwa wenyewe, hata hivyo, ni kujifungua, kwa kuwa ndipo kondo linapotoka. Lakini mishipa iliyokwisha kudhurika haitulii papo hapo, na kifafa huweza kutokea hata siku kadhaa baadaye, kwa hiyo dawa huendelea kwa saa 24 baada ya uzazi, na shinikizo la mama hupaswa kupimwa tena na tena baada ya kurudi nyumbani.