Mvua ya Kalerwe Iingie kwa Simu Kabla Iingie Sokoni

Wasee, kama hamjawahi kuwa Kalerwe, Kampala, mvua ikishachapa, skieni hii form. Soko imekaa bondeni, pale Gayaza Road inapatana na Northern Bypass, na mtaro wa Nsooba unapita hapo ukielekea Lubigi. Maji ya vilima vya Mulago na Kyebando inashukia huko huko. Mvua kubwa ikidunda kidogo tu, barabara inageuka mto. Boda zinasimama, taxi (ndio mathree za Kampala) zinakwama, na nyanya zenye zilikuwa zimepangwa chini kwa turubai zinaanza kuelea. Na hii ndio soko yenye wasee wa Kawempe, Wandegeya hadi mahosteli za Makerere wanategemea kwa dishi ya bei poa. Kalerwe ikizama, sufuria za watu wengi zinalala tupu.

Sasa rada ni hii. Utabiri wa mvua si kitu haiko. Karibu kila smatifoni ina kale kapicha ka wingu. Ngori ni kwamba hako kawingu kanaishi kwa programu yake, na biashara inaishi kwingine kabisa: oda ziko WhatsApp, hesabu iko kwa Google Sheets au daftari, doo iko kwa MoMo (pesa ya simu). Maama wa nyanya akikaa jioni kuamua kesho aitishe masanduku mangapi, mvua haiko kwa hiyo hesabu. Anaitisha kama juzi, mvua inakuja, wateja wanabaki kwa keja, na nyanya haingoji mtu. Hapo ndio ganji inamwagika, na hapo ndio wera ya mayut wa simu inatakiwa ianzie.

Hauhitaji kuwa injinia. Kuna mitambo ya kuunganisha programu bila kuandika msimbo hata mstari moja. Zapier iko tangu 2011. Make ndio ile ilikuwa inaitwa Integromat hadi 2022. Halafu kuna n8n ya wasee wa Berlin, ilitoka 2019, na hiyo unaweza weka kwa mashini yako mwenyewe. Zote form ni moja: unavuta visanduku kwa skrini, unaviunganisha na laini. Kisanduku cha kwanza ni saa, kinaamsha mtambo kila jioni. Cha pili kinaenda kuuliza hali ya hewa. Cha tatu kinachuja: mvua iko ya maana ama haiko? Cha nne kinatuma meseji na kuandika kwa Sheet. Imeisha hiyo.

Kisanduku cha pili ndicho kinatisha watu, na hakifai kutisha. Chukua Open-Meteo, huduma ya utabiri wa hali ya hewa. Haitaki uandikishe akaunti, haitaki funguo. Unaipatia latitudo na longitudo (Kalerwe iko karibu 0.35 na 32.57), unachagua mvua na uwezekano wake, alafu inakurudishia masaa yote ya kesho na mvua ya kila saa kwa milimita, pamoja na asilimia ya uwezekano. Kama hiyo orodha ndefu ya masaa inakuchanganya, anza na jumla ya siku, masaa utaongeza ukishazoea.

Lakini shika hapa vizuri: usipoiambia unataka saa za Kampala, inakujibu kwa saa za Greenwich, masaa matatu nyuma. Mvua ya saa nane mchana itaonekana kama ya saa tano, na maama atafunika mboga jua likiwaka, alafu afunue mvua ikikaribia. Akishachomeka hivyo mara mbili, hatasoma meseji yako tena.

Na saa yenyewe iandikwe venye watu wanahesabu. Mtambo utasema 14:00. Kalerwe hakuna mtu anaongea hivyo. Kwa Luganda, kama tu kwa Kiswahili, saa inahesabiwa kutoka asubuhi, so hiyo ni ssaawa munaana. Weka hesabu ya kutoa 6 ndani ya mtambo, meseji itoke ikiwa imeshaiva: "Enkuba ejja ku ssaawa munaana" (mvua inakuja saa nane). Mtu asome akiwa amebeba mtoto mgongoni na aelewe.

Sasa chujio. Hapa ndio naona wasee wengi wa teki wanateleza, juu wanaseti namba wakiwa kwa kochi. Mvua ya milimita 2 haisumbui mtu wa rolex (chapati na mayai) mwenye mwavuli, lakini inaweza haribia yule ametandika nguo za mitumba chini. Kila biashara iko na mvua yake. Mimi ningeanza na asilimia 60 na milimita 10 ndani ya masaa matatu kwa muuza mboga, alafu nikae naye chini aniambie hiyo ni kidogo ama ni noma. Hizo ni namba za kuanzia tu. Mwenye stoli ndiye anajua maji inafika wapi.

Saa ya kutuma nayo ni ya kufikiria. Meseji ya asubuhi imechelewa kama oda ilifungwa jana jioni. Kama maama anapiga simu ya oda saa moja jioni, mtambo uamke saa kumi na mbili. Matooke ikishapakiwa kwa lori huko Isingiro ama Masaka, kujua kutanyesha haikusaidii tena.

Hii maneno ya kupeleka hali ya hewa kwa simu za wahasla haijaanza leo. Mwaka wa 2011, kule Kalangala kwa visiwa vya Ziwa Victoria, idara ya hali ya hewa ya Uganda ilishikana na WMO (Shirika la Hali ya Hewa Duniani), MTN, Ericsson na Grameen Foundation kuwatumia wavuvi maonyo kwa simu. Hawakuwatumia michoro ya upepo. Walitumia rangi za taa za barabarani: kijani, hakuna hatari, chungwa, kaa rada, nyekundu, chukua hatua. Hiyo akili bado ni safi. Meseji ya Kalerwe isiwe "uwezekano wa mvua 73%". Iwe "Nyekundu: punguza nyanya nusu, inua masanduku juu ya meza, uza za kuiva leo." Utabiri umekuwa kitendo.

Nisiwaoshe lakini. Modeli za utabiri za dunia zinagawanya ardhi kwa miraba ya kilomita 9, zingine zaidi. Mraba moja kama huo unaweza meza Kalerwe na Nakasero pamoja. Na mvua ya Kampala mara nyingi ni radi zinazojengeka karibu na ziwa, zinanyeshea mtaa huu na kuruka ule. So itakosea. Ndio maana ule mstari wa Google Sheets ni wa lazima: safu moja utabiri, safu ya pili kilichotokea kweli, safu ya tatu mauzo. Ukijaza hivyo kwa msimu mzima, unakuwa na kitu hakuna modeli ya Ulaya iko nayo, yaani mvua ya stoli moja na pesa yake.

Gharama pia ni ya kuongelea mapema. Open-Meteo ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Ukianza kuuza hii huduma, lipa mpango wao. Telegram haichaji boti. WhatsApp ya mitambo inataka templeti iliyoidhinishwa ndio uanze stori na mteja. Kwa maama mwenye kabambe, SMS kupitia Africa's Talking inafika, lakini kila meseji ina bei. Na tukumbuke bando hapa si rahisi: tangu Julai 2021 intaneti ya Uganda inakatwa ushuru wa asilimia 12. SMS moja ya jioni ina heshima kuliko meseji kumi zenye mtu hawezi fungua.

Na hii mitambo haizibui mtaro. Mafuriko ya 26 Machi 2025 yaliua watu Kampala, na hiyo ni kazi ya serikali na mji, si ya visanduku kwa skrini. Hapa tunaongea kuhusu sanduku la nyanya na ada ya shule inayotoka ndani yake.

So makomredi wa Makerere, mko karibu sana. Telemkeni Kalerwe, kila mmoja atafute maama mmoja wa mboga, mkae naye, mskize anafunga oda saa ngapi na maji inamshika wapi, alafu mmwekee hivyo visanduku vinne. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, alafu Septemba hadi Desemba. Fanyeni kabla msimu uanze.