UZAZI WA KWANZA: TUSIMWACHE BINTI NA HOFU YAKE



Mwanamke anayezaa kwa mara ya kwanza ana mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni mtoto aliye tumboni. Mzigo wa pili ni hofu. Mzigo wa kwanza una siku yake ya kutua. Mzigo wa pili tunaweza kuupunguza leo hii, kwa kuzungumza.

Vijijini kwetu, tangu Mkata na Kwamsisi kule Handeni hadi Bungu na Magoma kule Korogwe, binti hufundishwa mengi. Hufundishwa kulima, kupika na kuwaheshimu wakwe. Lakini akiuliza habari za kuzaa huambiwa, "Utayaona hukohuko." Basi naye huenda kuyaona hukohuko, usiku wa manane, akiwa na maumivu, wala hajui lipi ni la kawaida na lipi ni la hatari. Asiyejua huchelewa. Na katika uzazi, kuchelewa kunaua.

Leo tumfuate binti mmoja. Huyu ni mfano tu. Hatumpi jina, kwa sababu anaweza kuwa binti yako, mkeo, wifi yako au wewe mwenyewe unayesoma.

KABLA YA SIKU YENYEWE

Mimba huhesabiwa wiki 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Hiyo ni kama miezi tisa na wiki moja. Lakini tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ni makadirio tu. Mtoto akizaliwa baada ya wiki 37 ametimia. Wiki 41 zikipita bila uchungu, mama arudi kliniki akapimwe. Asikae nyumbani kungoja.

Binti yetu alianza kliniki mapema, mimba ikiwa haijafika miezi mitatu. Alipimwa damu, presha na mkojo. Alipewa vidonge vya kuongeza damu. Mimba ilipokua alipewa dawa za kukinga malaria, na analala kwenye chandarua chenye dawa. Mbu wa Handeni na Korogwe tunawajua! Malaria humpunguzia mama damu, na mama asiye na damu ya kutosha hana akiba siku ya kujifungua.

Kliniki hutazama pia kama mama huyu anafaa kuzalia zahanati au hospitali. Binti mdogo sana, mfupi sana wa kimo, mwenye mapacha, mwenye presha, au ambaye mtoto wake amekaa vibaya, huandikiwa kwenda hospitali. Hiyo si adhabu. Hospitali kuna upasuaji na kuna damu ya kuongezewa, na zahanati haviko.

Nyumbani yeye na mumewe walipanga mambo matano:

1. Atakwenda kuzalia wapi.
2. Atapanda nini, na nauli iko wapi.
3. Nani atamsindikiza.
4. Nani yuko tayari kumtolea damu ikihitajika.
5. Mume akiwa safarini au shamba la mbali, nani atasema "twende".

Jambo la tano hupuuzwa mno. Mara nyingi mama anaumwa na gari lipo, lakini watu wamekaa kumngoja baba au mjomba arudi ndipo ruhusa itoke. Ruhusa itolewe kabla. Uchungu hausubiri mtu arudi mnadani.

UCHUNGU UNAANZAJE?

Siku yenyewe ilianza kimyakimya. Jioni kiuno kilimuuma. Akadhani ni kazi ya kuteka maji. Usiku maumivu yakawa yanakuja mbele ya tumbo, tumbo linakaza kama jiwe, halafu linaachia. Akamwamsha mama mkwe.

"Mama, tumbo linaniuma, halafu linaacha, halafu linauma tena."

"Umeona nini kwenye nguo, mwanangu?"

"Ute, una damu kidogo."

"Haya, ndiyo safari hiyo. Mwamshe mwenzio. Mfuko uko wapi?"

Hizo ndizo dalili. Uchungu wa kweli huja na kuachia kwa mpango, na kila saa unavyokwenda unakuwa mkali zaidi na wa karibu zaidi. Uchungu wa uongo huja ovyo, na mama akipumzika au akitembeatembea hupotea. Ute wenye damu kidogo ni dalili kwamba mlango wa kizazi unaanza kufunguka. Damu nyingi ni hatari, si dalili ya kawaida.

Pengine chupa hupasuka kwanza na maji yakatoka. Maji hayo huwa meupe au hayana rangi. Yakiwa ya kijani au ya kahawia, mtoto amejisaidia ndani na huenda amechoka. Na chupa ikipasuka, hata kama hakuna uchungu, mama aende kituoni. Njia iko wazi, na vijidudu vinaweza kumwingilia mtoto.

NJIA INAFUNGUKA

Kwa nini uzazi wa kwanza huchukua muda mrefu? Kwa sababu njia haijapata kufunguka hata siku moja. Mlango wa kizazi huanza ukiwa umefungwa. Kila uchungu unapokuja, kizazi hujikaza na kuuvuta mlango huo, nao hufunguka kidogokidogo mpaka sentimita 10, upana wa kumtosha mtoto kupitisha kichwa. Kwa hiyo maumivu yale hayaji bure. Ni kazi inafanyika. Tumwambie binti hivyo, apate moyo.

Mwanzoni njia hufunguka polepole sana, na muda huo haufanani kwa wanawake wote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linasema uchungu huwa umekolea njia ikifika sentimita 5. Toka hapo, kwa uzazi wa kwanza, kwa kawaida hauzidi saa 12. Ndiyo maana mkunga hupima na kuandika kwenye karatasi kila baada ya muda. Husikiliza moyo wa mtoto pia. Moyo huo hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika, mbio kuliko wa mtu mzima.

Binti yetu alitaka kusukuma mapema.

"Nesi, nisukume?"

"Bado, mwanangu. Hema taratibu. Njia haijafunguka yote."

Akisukuma kabla ya wakati hujichosha bure, na mlango wa kizazi unaweza kuvimba. Wakati huu anaruhusiwa kutembea, kuchuchumaa au kulalia ubavu. Anywe maji, chai au uji, apate nguvu. Akojoe mara kwa mara, kwa sababu kibofu kilichojaa huzuia mtoto kushuka. Msindikizaji amkande kiuno, ampe maji, aseme naye kwa upole. Maneno mazuri ni dawa.

Tena tuseme wazi: mama aliye kwenye uchungu ana haki ya kuheshimiwa. Wapo wanaoogopa kwenda kuzalia kituoni kwa kuogopa kukemewa. Kumtukana au kumpiga mama anayejifungua ni kosa, mahali popote na mtu yeyote. Likitokea, kamati ya zahanati na serikali ya kijiji wapo. Walalamikiwe.

TUACHE MAMBO HAYA

Kwanza, dawa za kuongeza uchungu. Mizizi na majani mengine huufanya uchungu uwe mkali kupita kiasi. Kizazi kinaweza kupasuka, mama na mtoto wakafa.

Pili, kumkandamiza tumbo ili mtoto atoke. Hilo nalo laweza kupasua kizazi.

Tatu, kumhoji. Wapo wasemao uchungu ukichelewa ni kwa sababu binti alitembea nje, basi ataje majina. Jamani! Uchungu huchelewa kwa sababu mtoto ni mkubwa, au nyonga ni nyembamba, au mtoto amekaa vibaya, au nguvu za kizazi ni chache. Hakuna jina litakalofungua njia. Muda mnaoutumia kumhoji ndio muda wa kumfikisha hospitali.

Mtoto akikwama muda mrefu, kichwa chake hubana kibofu cha mama mpaka nyama zinakufa. Baadaye tundu hutokea na mkojo hutoka wenyewe bila kukoma. Huo ndio ugonjwa wa fistula. Haukuletwa na uchawi wala laana, na unatibika kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam hutibu fistula bila malipo. Lakini bora zaidi ni kuizuia, na huzuiwa kwa kuwahi.

MTOTO ANAKUJA

Njia ikishafunguka yote, mama husikia haja ya kusukuma kama anayekwenda choo kikubwa. Asione aibu. Sasa asukume wakati uchungu unapokuja, na apumzike unapoachia. Kwa uzazi wa kwanza kazi hii huweza kuchukua hata saa tatu, ingawa wengi humaliza kabla ya hapo. Kichwa kikianza kutoka, mkunga humwambia aache kusukuma kwa nguvu, ahemeheme, ili asichanike.

Mtoto akatoka, akalia. Mkunga akamkausha, akamlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akawafunika. Mama alichomwa sindano ya kukaza kizazi. Kitovu hakikatwi papo hapo. Husubiriwa dakika moja hadi tatu, damu ya kondo imfikie mtoto.

Wengi hudhani hapo kazi imekwisha. Bado! Kondo la nyuma halijatoka. Kwa kawaida hutoka ndani ya nusu saa. Lisipotoka, au likitoka vipande, damu humwagika. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ni sababu kubwa ya vifo vya akina mama, na mama anaweza kufa katika muda wa saa chache. Sindano ile ndiyo kinga, na ni sababu moja kubwa ya kuzalia kituoni.

Saa ya kwanza isipite mtoto hajanyonya. Maziwa yale ya njano ya mwanzo yasikamuliwe na kumwagwa. Ni chanjo ya kwanza ya mtoto. Tena kunyonya hukaza kizazi na kupunguza damu. Kitovu kisipakwe mavi ya ng'ombe, majivu wala mafuta. Kiachwe kikavu na kisafi.

DALILI ZA HATARI

Dalili hizi tuzisome kwa sauti nyumbani, mume akisikia:

- Damu nyingi kabla au baada ya kuzaa.
- Kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba.
- Degedege, yaani kifafa cha mimba.
- Homa kali.
- Maji ya kijani au yenye harufu mbaya.
- Mkono, mguu au kitovu kutangulia.
- Mtoto kuacha kucheza tumboni.
- Uchungu mkali wa saa 12 bila mtoto kuzaliwa.

Moja tu ikitokea, safari. Msingoje ya pili.

TUTAFIKAJE?

Tunajua shida zetu. Masika barabara za Handeni huwa tope. Milimani Korogwe mama hubebwa kuteremshwa mpaka penye gari. Kwa hiyo anayekaa mbali asogee mapema kwa ndugu aliye karibu na kituo cha afya, au karibu na hospitali ya wilaya ya Handeni, au Magunga pale Korogwe mjini, wiki mbili hivi kabla ya tarehe.

Kwa dharura kuna mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa 2022. Unapiga namba 115, bila malipo, nao hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa karibu aliyeandikishwa. Namba hiyo iandikwe ukutani kwa mkaa kama karatasi hakuna.

Na juhudi zinaleta matunda. Utafiti wa taifa wa 2015 na 2016 ulionyesha kuwa kati ya watoto 100, waliozaliwa kwenye vituo vya afya ni 63. Utafiti wa 2022 ulionyesha 81. Katika tafiti hizohizo, makadirio ya vifo vya akina mama yalishuka toka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Lakini hata hao 104 walikuwa na majina na walikuwa na watoto.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Hawakungoja kuyaona hukohuko. Na habari ya uzazi tuifanye vivyo hivyo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu nani hutoa ruhusa mama aende kujifungua? Asipokuwepo inakuwaje?
2. Toka kwenu hadi penye upasuaji ni saa ngapi wakati wa kiangazi? Na masika je?
3. Taja dalili nne za hatari bila kutazama gazeti.
4. Ni binti gani jirani yako ana mimba ya kwanza? Nani atamsomea makala hii?

Swali la nne lisiishie kwenye majadiliano. Jibu lake ni kwenda kwake jioni hii.