Mchina wa Gazetini na Mchina wa Laela

Huku kwetu Ufipa, ukiuliza nani aliyejenga lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, wengi watakujibu: Mchina. Hawajakosea kabisa, kwani kipande cha Ikana hadi Laela kilijengwa na kampuni ya China. Lakini fedha zilitoka Marekani, katika mkataba wa dola milioni 698 ambao Rais Bush na Rais Kikwete walisaini Dar es Salaam Februari 2008. Abiria wa basi hasomi mkataba. Anamwona mtu aliyevaa kofia ngumu kando ya greda, basi. Kumweleza yaliyobaki ni kazi yetu waandishi, na naona hatuifanyi vya kutosha.

Mimi ni mwandishi wa mkoani, yaani nalipwa kwa kila habari inayotoka, na nauli ni juu yangu. Mradi ukizinduliwa, viongozi huja na msafara, nasi tunapata nafasi kwenye gari la nyuma. Tunagawiwa taarifa iliyokwisha kuandikwa. Mgeni rasmi anasifu urafiki, mkandarasi anashukuru, jua linazama, na Dar es Salaam wanasubiri habari. Kibarua aliyekoroga zege hana nafasi katika ratiba hiyo.

Sifa hizo kwa China zina mizizi. Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na jioni wazee wetu waliitafuta kwenye redio ya mkulima kama walivyoitafuta BBC ya London. Kisha ikaja TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya nchi za Magharibi kuukataa mradi huo. Inapita Tunduma, mlangoni kwetu. Mzee aliyeiona reli ile ikijengwa hahitaji gazeti limfundishe kumheshimu Mchina, na heshima hiyo naishiriki.

Zanzibar ukaribu huo ni mkubwa zaidi. Madaktari kutoka jimbo la Jiangsu wamekuwa wakipokezana huko tangu 1964, na Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, Pemba, imejengwa upya kwa msaada wa China. Kisiwani, anayeandika habari ya madaktari hao huenda mama yake alitibiwa nao. Nchi ndogo za visiwa popote duniani zina hali inayofanana na hiyo: waandishi wachache, serikali iko jirani, na mfadhili anajulikana kwa sura. Kumhoji kunahitaji moyo.

Siku hizi picha ya China inaingia hadi sebuleni. TBC na StarTimes ya China waliunda kampuni ya ubia ya ving'amuzi, na mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilirushwa kwa Kiswahili. Rais Xi Jinping wa China mwenyewe aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Upande wa pili kuna habari za mahakamani. Yang Fenglan, aliyeitwa na magazeti Malkia wa Meno ya Tembo, alihukumiwa miaka 15 mwaka 2019. Kwa hiyo msomaji anakutana na Mchina mfadhili au Mchina jangili, na katikati ni patupu.

Patupu hapo ndipo penye maslahi yetu. Mradi wa bandari ya Bagamoyo uliandikwa kwa miaka kama neema inayokuja. Mwaka 2019 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba mwekezaji wa China alitaka ardhi kwa miaka 99, na kwamba masharti kama hayo ni mwendawazimu tu angeyakubali. Wengi wetu ndipo tulipoyasikia. Mkataba wa namna ile ulistahili kuchambuliwa magazetini mapema, na usingekuwa uadui kwa China. Tungeufanyia hivyohivyo mkataba wa Mmarekani au Mturuki.

Laela nimezungumza na vijana waliowahi kuwa vibarua wa barabara. Hawakunieleza habari za mataifa makubwa. Walitaka kujua kama makato yao ya hifadhi ya jamii yalipelekwa, na kwa nini walikosa cheti cha kuonyesha kwamba wanajua kuendesha mtambo wa kushindilia. Wengine walimtaja fundi wa Kichina aliyewafundisha kazi kwa ishara za mikono, na walimtaja kwa upendo. Mwandishi akienda huko bila msafara, habari hizo zote atazipata asubuhi moja.