Kuacha, Kuachwa, Kutengana: Lugha ya Akina Baba katika Makundi ya Simu, Bujumbura

Katika Kiswahili mume huacha, mke huachwa. Na mtalaka, kwa matumizi ya kawaida, ni mwanamke. Baba aliyetengana na mama wa watoto wake, naye akiwatamani, hana jina. Mtaani Buyenzi, ambako Kiswahili kimekita mizizi tangu enzi ya ukoloni, anayeeleza huzuni yake kwa lugha hii huanza akiwa mshtakiwa.

Namna nyingine ya kusema ipo nchini humo. Abatangamuco, yaani "watoa mwanga" kwa Kirundi, ni wanaume, wengi wao wa vijijini, walioungwa mkono na shirika la CARE. Husimama hadharani wakakiri ukatili waliowatendea wake zao, pengine wake wenyewe wakiwapo. Msemaji hawezi kujitakasa, kwa kuwa anayeujua ukweli ameketi mbele yake. Bashingantahe, wazee wasuluhishi, nao husikiliza pande zote mbili kabla ya kuamua.

Kundi la akina baba katika simu halina shahidi huyo. Ujumbe wa sauti ukitumwa usiku, wenzake humpa pole (jambo lenye thamani kwa mwanamume asiyezoea kulia mbele ya watu), lakini "nilimwacha" inaweza kugeuka taratibu kuwa "alininyima watoto", wala hakuna wa kupinga. Kabla ya kufadhili makundi hayo, mshauri wa sera hana budi kujua ni nani humo atakayeuliza swali la mama: matunzo ya mwezi huu yametumwa?